Mtambo wa Kusukuma Vigari Mgodini

Katika baadhi ya migodi yenye shimo refu la wima, vigari vya mawe hupandishwa ndani ya kizimba cha chuma kinachovutwa kwa kamba ya waya. Zamani watu walivisukuma kwa mabega. Baadaye ulibuniwa mkono wa chuma uendeshwao kwa hewa iliyoshindiliwa: kule chini hukiingiza kigari kilichojaa, nacho hukitoa kitupu upande wa pili. Ni kazi ya muda mfupi mno.

Hata hivyo, sehemu iliyo bora ni kizuizi cha relini, ambacho wengi hawakitazami. Kimefungamanishwa na lango na kizimba. Kizimba kisipokuwapo, hakifunguki. Pasipo kizuizi hicho, kigari kinachosukumwa kwenye kituo cha juu chaweza kuporomoka shimoni juu ya walio chini. Kamati ya chama cha wachimbaji inayokusudia kununua winchi na vigari na iulize kwanza bei ya kizuizi.