Risasi Inapokwama Njiani

Bunduki ya marisau hutofautiana na bunduki nyingine kwa kuwa kwa kawaida mtutu wake ni laini ndani, na kila risasi yake ni ganda moja lililobeba fataki, baruti, kizibo na punje nyingi za metali ziitwazo marisau. Aina inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mtumiaji huvuta kishikio cha mbele kuelekea kwake, kisha hukisukuma tena mbele, ili ganda tupu litoke na risasi mpya iingie. John Browning wa jimbo la Utah, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliouendeleza sana mtambo huo. Bunduki aliyoibuni ilitolewa na kampuni ya Winchester mwaka 1893 na kuboreshwa mwaka 1897. Mfano utakaotumiwa katika makala haya ni Remington 870, iliyotokea mwaka 1950 na ambayo tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya milioni 10.

Yafaa kwanza kuifuata safari ya risasi. Risasi hukaa zikifuatana ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, zikisukumwa nyuma na springi ndefu. Vilimi viwili vya chuma, kimoja kila upande, huzizuia zisitoke. Kishikio kinapovutwa mpaka mwisho, komeo hurudi nyuma likiwa limelishika ganda tupu kwa ndoana, ganda hutupwa nje, na kilimi kimoja huiachia risasi moja huku cha pili kikiizuia inayofuata. Risasi iliyoachiwa hulala juu ya kibao kidogo, ambacho hapa kitaitwa kipandishi. Kishikio kinaposukumwa mbele, kipandishi huinuka, nalo komeo huisukuma risasi ndani ya chemba na kujifunga nyuma yake.

Anayeijua safari hii huanza uchunguzi wake kwa kuuliza risasi imesimama wapi. Lakini hata kabla ya swali hilo hapana budi mtutu uelekezwe mahali pasipo mtu, risasi zote zitolewe, na chemba na bomba vikaguliwe kwa jicho na kwa kidole. Majaribio hufanywa na mwenye kibali, kwa risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki. Mwanafunzi hana haja ya bunduki yenyewe. Mchoro na springi ya maabara vyamtosha.

Tuseme risasi haitoki katika bomba. Wengi hukimbilia kuilaumu springi, na mara nyingine ni kweli, ila ipo njia ya kuhakikisha. Kwa Kanuni ya Hooke, kani ya springi hulingana na kiasi ilivyobanwa. Bomba likijaa, springi imebanwa sana na kani yake ni kubwa; ikibaki risasi moja, springi imenyooka na kani yake ni ndogo kuliko wakati wowote mwingine. Kwa hiyo springi iliyochoka huonyesha udhaifu wake kwa risasi ya mwisho. Risasi ya kwanza ikikwama hali bomba limejaa, yafaa kutafuta msuguano: kutu, bomba lililobonyea, vumbi lililogandamana na mafuta mazito, au ganda la karatasi lililovimba kwa unyevu. (Maganda ya plastiki, yaliyoenea tangu miaka ya 1960, yamelipunguza sana tatizo hili la mwisho.) Mwelekeo wa mtutu nao hutoa ushahidi. Mtutu ukielekea juu, uzito wa risasi huisaidia springi. Ukielekea chini, springi hulazimika kuzinyanyua. Bunduki inayolisha vema ikiinuliwa na kukataa ikiinamishwa ina springi dhaifu au bomba chafu.

Hitilafu nyingine chanzo chake ni mkono. Mtumiaji mwenye haraka huvuta kishikio nusu safari. Ganda tupu hutoka, lakini kilimi hakijafika mahali pa kuachia risasi, na komeo hufunga chemba iliyo tupu. Mwingine hujaza bomba bila kuisukuma risasi mpaka kilimi kilie. Risasi hiyo hurudi nyuma na kujibana kati ya komeo na kipandishi, na mtambo wote hukataa kusogea. Usumbufu huu ulikuwa maarufu kiasi kwamba katika miaka ya 1980 kipandishi cha 870 kilichongwa ulimi unaonyumbulika ili risasi iweze kuondolewa. Zikitoka risasi mbili kwa pamoja licha ya mkono kufanya kazi ipasavyo, basi vilimi vimelika au vimelegea, na hiyo ni kazi ya fundi.

Ganda tupu linalogoma kutoka katika chemba lina fizikia yake. Kanieneo ndani ya risasi ya namba 12 ya kawaida huweza kukaribia mara 780 ya ile ya hewa, na ganda hutanuka mpaka kuugusa ukuta wa chemba. Kitako cha shaba nyeupe hunywea upesi. Cha chuma laini hunywea kidogo zaidi, na chemba ikiwa na kutu hushikwa kabisa.

Kosa la hatari kuliko yote halionekani. Namba ya mtutu ni hesabu ya vigololi vya risasi nyeusi vyenye kipenyo sawa na mtutu vinavyotimiza ratili moja. Ratili ni gramu 454. Mwanafunzi akigawa kwa 12, kisha akatumia densiti ya 11.34, atapata kipenyo cha milimita 18.5. Akigawa kwa 20 atapata 15.6. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani ya chemba na kukwama mbele yake. Kifyatulio huvutwa, mlio hausikiki. Mtumiaji hudhani bunduki haikulisha, huvuta kishikio na kuingiza risasi sahihi ya namba 12, ambayo hukaa vizuri nyuma ya ile iliyoziba njia. Mlipuko unaofuata huupasua mtutu karibu na mkono wa kushoto. Ndiyo sababu maganda ya namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano, na ndiyo sababu, baada ya mfyatuo usio na mlio, bunduki huelekezwa pasipo mtu kwa muda wa nusu dakika, risasi hutolewa, na mtutu huchunguliwa kutokea nyuma mpaka mwanga uonekane upande wa pili.