Embe la Kwanza la Msimu

Ngoja kwanza! Nani huyo ameokota embe, akalifuta kwenye kaptula, na sasa anataka kuling'ata? Mpe embe nafasi, lina neno.

"Hodi kwanza," likasema embe. "Watoto wa Ngao, hapa Mto Tana, mmeningoja msimu mzima. Leo utanila hivi hivi tu, kama ndizi?"

Embe hilo linajua mambo. Linajua kuwa Wayahudi wakipata tunda la kwanza la msimu, hawalili kimya kimya. Hulishika mkononi wakasoma baraka ya tunda. Tena wana baraka nyingine, iitwayo Shehecheyanu. Humo humshukuru Mungu kwa kuwapa uhai, kuwatunza na kuwafikisha siku hii. Wakimaliza, wanang'ata papo hapo. Hakuna kuzungukazunguka!

"Mjomba, na ndizi je?"

Hilo ndilo swali! Ndizi zetu za Mto Tana zipo mwaka mzima. Haziendi zikarudi, basi hazisomewi Shehecheyanu. Hiyo ni ya tunda lililoadimika likarudi, ya nguo mpya ya thamani, ya sikukuu inayokuja mara moja kwa mwaka.

"Mjomba, hao Wayahudi wako wapi?"

Si mbali. Jumuiya yao ya Nairobi ilianza mwaka 1904. Na Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya, wakulima kama sisi. Semei Kakungulu ndiye aliyewaongoza kwenye dini hiyo mwaka 1919.

"Lakini embe si wamelinunua kwa pesa yao? Mbona waombe?"

Wewe utafika mbali, mwanangu! Sikia. Jirani akikualika kula, utajitoma tu uani mwake? Si utapiga hodi, japo umealikwa? Walimu wao wa kale walifundisha kwamba dunia na vilivyomo ni vya Mungu, na mtu asionje kitu kabla ya baraka. Basi baraka ndiyo hodi yao. Hodi kwanza, halafu karibu.

"Dua hiyo huongeza utamu?"

Embe likacheka. "Utamu ninao tangu mtini! Na nikiwa na funza, dua yako haimtoi."

Hapo nakubaliana nalo kabisa. Dua si dawa ya funza. Ni shukrani.

Wenzetu Waislamu wa Garsen huanza kwa bismillahi, nasi kanisani tuna sala zetu za kuanzia. Hata Kenya ilianza kwa hodi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, nchi ilitaka wimbo wake. Wakachukua wimbo wetu wa Kipokomo, ule wa mama kubembeleza mtoto, wakautilia maneno mapya. Yasomeni maneno hayo polepole: ni dua tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo kwenye gwaride la shule msimung'unye maneno. Imbeni kwa sauti, kama watu ambao tuni imetoka kwao.