Usaili wa Walimu na Sifa Mbili za Nabii Musa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mwanzoni mwa mwaka 2025 Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliendesha usaili wa walimu mikoani. Waombaji walizidi 200,000, ilhali nafasi hazikufika 15,000. Mkoani Geita ilisikika sauti ya Umoja wa Walimu Wasio na Ajira Tanzania (NETO), wahitimu wa miaka ya 2015 hadi 2023, wakilalamika kutahiniwa upya baada ya kungoja kwa miaka mingi.

Uchungu huo tunaujua. Kuanzia Shinyanga hadi Nyarugusu, mwenye shahada ya ualimu huonekana akiendesha bodaboda au akibeba viroba vya mawe kwenye karasha. Barua ya kuitwa kwenye usaili inapofika, nyumbani huulizwa swali la hatari: “Je, hatuna mtu tunayemjua huko?” Mzazi yu tayari kuuza ng'ombe ili bahasha ipatikane.

Tuizingatie Suratul Qasas, Aya ya 26. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana kazi wala jamaa. Aliwanywesheleza mabinti wawili wanyama wao bila kudai ujira, kisha akaketi kivulini akamwomba Mola wake. Mmoja wa mabinti hao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri, kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Hakutaja kabila wala jamaa.

Basi msailiwa ajiandae vyema, kwani elimu ndiyo nguvu ya mwalimu. Msaili naye ajue kwamba alama anazoandika ni amana atakayoulizwa. Ama bahasha, Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji wake. Mwalimu aliyeinunua nafasi atawafundishaje watoto ukweli?

Nanyi wazazi, kijana akirudi bila kuchaguliwa, msimsimange. Penye nafasi chache hivyo, wengi wenye sifa hukosa. Mkaribisheni, mumwombee dua, naye aendelee kuwafaa watu kwa elimu yake hata kabla ya mshahara, kama Musa pale kisimani.

Allah awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali. Amin.