Mbio za Mbwa: Fedha za Dau Hugawanywaje?

Uwanja wa kwanza uliojengwa maalumu kwa mbio za mbwa Uingereza ulifunguliwa Belle Vue, Manchester, Julai 24, 1926. Siku hizi kwa kawaida mbwa sita humfukuza sungura wa bandia, na watazamaji huweka dau kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kapu la pamoja, lililoruhusiwa viwanjani humo na sheria ya mwaka 1934. Tuchukue mfano: dau zote zimefikia pauni 10,000. Uwanja ukikata asilimia 20, hubaki 8,000. Kama mbwa aliyeshinda aliwekewa 2,000, kila pauni hulipwa 4. Lakini wengine wakimkimbilia dakika za mwisho hadi 4,000, na kapu likabaki lile lile, malipo hushuka hadi 2. Ndivyo soko lilivyo: wanunuzi wakizidi, faida hupungua.

Ya pili ni mpokea dau binafsi, anayetangaza bei zake. Mbwa wote sita wakiwa na bei ya nne kwa moja, anayeweka pauni 20 kwa kila mmoja hutoa 120, naye hurudishiwa 100. Hizo 20 ni faida ya mpokea dau.

Mwekezaji mdogo apige hesabu hapo. Hisa huweza kutoa gawio kutokana na faida ya kampuni. Kapu la dau halizalishi kitu. Kwa makato ya asilimia 20, anayeanza na pauni 100 na kuziweka zote kila mara hubakiwa, kwa wastani, na 51 baada ya mbio tatu.