Msimbo Huhama, Mijadala Hubaki

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, jukwaa la kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, alikuwa akihangaika na hifadhidata iliyokataa kujinakili kutoka seva moja kwenda nyingine. Akaamua kufuta data za seva ya akiba ili aanze upya, lakini amri akaiendesha kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Chelezo za kawaida zilipotafutwa, hazikufaa. Kilichookoa jahazi ni nakala ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa kwa kazi nyingine kabisa.

Msimbo wa miradi haukuguswa, maana ulihifadhiwa pembeni. Hata ungeguswa, kwa kiasi kikubwa ungerudishwa. Git, mfumo wa kufuatilia mabadiliko ya msimbo alioubuni Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila anayenakili mradi historia yake yote tangu mwanzo. Tena kila badiliko lina kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40, kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na badiliko lililotangulia. Gusa koma moja ya zamani, na vitambulisho vyote vinavyofuata hubadilika. Kwa hiyo nakala iliyomo kwenye kompyuta ya mchangiaji wa Mwanza inaweza kuthibitishwa kuwa ni ileile.

Zilizopotea ni data za saa sita za hifadhidata, yakiwemo maoni yapata 5,000. Ripoti za hitilafu na mabishano kuhusu kila badiliko havimo ndani ya Git. Viko mikononi mwa mwenye jukwaa. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya mradi, kwa sababu humo ndimo mnamoelezwa kwa nini mstari fulani uliandikwa hivyo.

Na mwenye jukwaa ana mambo yake. Jukwaa la SourceForge, lililoanza 1999, lilifika mahali pa kufungasha programu za matangazo ndani ya visakinishi; waundaji wa programu ya picha ya GIMP wakalihama mwaka 2013. Google Code ilifungwa 2016. GitHub, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, mwaka uliofuata ilizuia baadhi ya huduma kwa watumiaji wa Iran na Syria kutokana na vikwazo vya Marekani. Waundaji wa GNOME, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, walihamia programu ya GitLab wanayoiendesha kwenye seva zao wenyewe, kazi inayotaka watu na fedha. Jukwaa la Codeberg la Berlin linamilikiwa na chama cha wanachama, nao ndio wanaochagua viongozi.

Mradi mchanga unahitaji wachangiaji kuliko kitu kingine, na wengi wako GitHub. Sioni kosa kuanzia huko. Ila anwani ya tovuti iwe yako, si ya jukwaa. Na kila wiki pakua ripoti na mijadala uiweke kwenye seva nyingine, kisha jaribu kuifungua uone kama inasomeka.