Mwano wa Mnarani

Nilihesabu simu 31 juu ya ubao mmoja, karibu na stesheni ya Usinge, nikisubiri treni ya kwenda Kigoma. Vitochi vilikuwa vingi kuliko simu janja. Kila simu ilibandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, na wenyewe walikuwa mbali: kwenye tumbaku, machungani, wengine mabondeni upande wa mto Igombe. Kijana mwenye kibanda hicho cha kuchajia, aliposikia kwamba kazi yangu ni mitambo ya mawasiliano, alinichezea sauti aliyotumiwa na shangazi yake anayeishi Uingereza. Ilikuwa mlio wa king'ora unaopanda na kushuka, kwa sekunde kama kumi, kisha vicheko vya watu mezani.

Shangazi alikuwa amenasa jaribio la tahadhari ya dharura la tarehe 7 Septemba 2025. Huko ilikuwa saa tisa alasiri, kwetu saa kumi na moja jioni. Serikali ilikuwa imetangaza mapema kwamba simu za nchi nzima zingelia kwa pamoja.

"Sasa kaka, zikilia zote mara moja, minara haizidiwi? Na simu yenyewe haiungui?"

Swali la pili lina jibu fupi: haiungui, wala haimalizi chaji, wala haichunguzwi. La kwanza linahitaji maelezo.

Ujumbe mfupi wa kawaida ni barua yenye anwani. Mtandao hutafuta ilipo simu yako, huishika, huikabidhi ujumbe, husubiri jibu kwamba umepokelewa, kisha huenda kwa jirani yako kuanza upya. Usiku wa mwaka mpya sote tumeona foleni hiyo: salamu ya saa sita inafika alfajiri. Tahadhari ya dharura haipiti njia hiyo. Mnara hutamka mara moja hewani, na kila simu iliyo chini yake husikia kwa wakati mmoja, kama redio zinavyosikia kituo. Simu ziwe kumi au elfu kumi, mnara umetumia pumzi ileile. Hauna orodha ya namba, haujui nani amesikia, na hauulizi laini yako imesajiliwa wapi. Abiria aliyeshuka kwenye treni na laini ya Burundi atasikia sawa na mwenyeji. Naiita njia hii ujumbe wa mnara, mpaka wenye kamusi watupe jina.

Si teknolojia mpya, na si ya simu za bei kubwa peke yake. Imo katika mtandao ule wa zamani wa 2G, ambako ukurasa mmoja wa ujumbe hubeba herufi 93, na kurasa zinaweza kufika 15. Wenzetu wa Uganda waliitumia bila kuijua kwa jina: mwishoni mwa muongo wa 2000, MTN ilipoleta huduma ya MTN Zone, punguzo la bei ya kupiga simu lilibadilika kufuatana na mnara na saa, na asilimia yake ilionekana kwenye kioo cha simu. Mnara ulikuwa ukiinadi bei yake, kama muuza samaki jioni.

Kinachoifanya simu ipige kelele ni namba. Kila ujumbe wa mnara huja na namba ya aina yake. Katika viwango vinavyofuatwa na simu nyingi za leo, 4370 ni tahadhari ya ngazi ya juu kabisa, na 4380 ni jaribio la kawaida. Simu ikisoma 4370, inapuuza kwamba umeizima sauti, inatetemeka, inafunika kioo na kusubiri uguse. Ikisoma 4380, mara nyingi hunyamaza, kwa sababu njia hiyo hutoka kiwandani ikiwa imefungwa. Ndiyo maana nchi ikitaka kila mtu asikie jaribio hulipitisha katika njia ya tahadhari ya kweli, kama Marekani ilivyofanya tarehe 4 Oktoba 2023. Simu iliyozimwa haisikii, wala iliyowekwa katika hali ya ndegeni. Na simu iliyofichwa hujitangaza: kabla ya jaribio la Uingereza la Aprili 2023, mashirika yanayowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani yaliwaonya wenye simu ya siri waizime mapema. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo dhara pekee la jaribio linalostahili kuogopwa. Zile habari za kwamba mlio wa Marekani ungeamsha kitu fulani ndani ya waliochanjwa, mwacheni aliyezianzisha azimalize.

Televisheni nayo hupitisha tahadhari, lakini ni kiumbe kingine. Yenyewe haijui lolote kuhusu dharura, inaonyesha inacholetewa. Marekani kazi hufanyika kituoni, ambako kuna kisanduku kinachosikiliza vituo vingine usiku na mchana. Kikisikia mikwaruzo mitatu mikali, ambayo kwa kweli ni maandishi yaliyogeuzwa sauti, kinakata kipindi na kupitisha ujumbe. Hufuata mlio wa noti mbili kwa pamoja, za hezi 853 na 960, ambazo hazipatani, na zilichaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mtazamaji huona picha imekatika, anasikia ukwaruzaji, kisha tamthilia inarudi. King'amuzi kikiganda baada ya hapo, kizime na ukiwashe. Anayerekodi mpira atakuta sekunde hizo zimeliwa. TV iliyozimwa hubaki imelala, isipokuwa mahali kama Japani, ambako tangu 1985 matangazo yana alama maalumu inayoweza kuamsha chombo kilichotengenezwa kuitambua. Botswana na Angola zilichukua mfumo wa dijitali wenye asili hiyo ya Kijapani. Tanzania, ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ilishika mkondo wa Ulaya.

Lakini tatizo kubwa la TV kwa Usinge ni umbali. Dishi la Usinge na dishi la Mafia yanatazama setilaiti moja na kuona picha ileile. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaukaribia mwambao, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilimfikia mfugaji wa huku Kaliua sawasawa na mvuvi wa Kilindoni kule Mafia, ilhali mmoja wao tu ndiye aliyepaswa kuvuta mtumbwi nchi kavu. Mtu akitahadharishwa kila wiki juu ya mambo ya mbali, hujifunza kutosikiliza. Mnara hauna kasoro hiyo. Maji ya mto Malagarasi yakipanda, unaweza kuichagua minara ya mabondeni ikaamka, na Tabora mjini watu wakaendelea na usingizi wao.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndivyo tulivyofundishwa. Jaribio ni mbiu inayolia pasipo jambo, na hapo ndipo watu wengi wanapokasirika. Wanasahau kwamba sauti haina maana mpaka masikio yaizoee. Msafiri Stanley alipofika Ujiji Novemba 1871, msafara wake ulifyatua bunduki karibu 50 kwa pamoja, na watu wakatoka mbio kuulaki, kwa kuwa kila msafara ulibisha hodi hivyo. Mwaka huohuo barabara ya moja kwa moja kutoka Unyanyembe kupitia upande wa Urambo ilikuwa imefungwa na vita vya mtemi Mirambo, hata Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mlio wa bunduki huko usingemtoa mtu nje kwa furaha. Baruti ilikuwa ileile.

Tena jaribio huvumbua makosa ambayo mezani hayaonekani. Jaribio la kwanza la nchi nzima kwenye TV na redio za Marekani, Novemba 2011, lilifika baadhi ya vituo likiwa na mwangwi juu ya mwangwi, na vingine halikufika. Uingereza, Aprili 2023, wateja wengi wa mtandao mmoja hawakupata kitu, na ujumbe wa Kiwelshi ulikuja na neno "Vogel", ambalo ni jina la mlima wa kutelezea theluji Slovenia, mahali pa neno la kusema "salama". Ningependa kulisikia kosa la namna hiyo hapa kwetu siku ya jaribio, mtu aliyezoea Kisukuma akisoma Kiswahili cha ofisini na kuuliza, "Wanasema tukimbie au tukae?"

Maneno ya jaribio nayo yana hatari yake. Hawaii, 13 Januari 2018, mazoezi ya ndani yalikuwa na rekodi iliyosema "zoezi" mwanzo na mwisho, lakini katikati ikasema hili si zoezi. Mfanyakazi mmoja akaamini lile la katikati, na simu za visiwa vyote zikatangaza kombora linakuja. Masahihisho yalichukua dakika 38. Na mitambo isiyolindwa huchezewa: Februari 2013 wahuni waliingia katika kisanduku cha kituo cha TV cha Great Falls, Montana, wakatangaza kwamba wafu wanafufuka makaburini. Nywila ilikuwa ileile ya kiwandani.

Wanyamwezi na Wasukuma hawahitaji kufundishwa haya na mtu wa mitambo. Sungusungu walipojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, chombo chao kikubwa kilikuwa mwano: ukelele ambao anayeusikia huudaka, huupaza tena na kukimbia kuufuata, mpaka kijiji cha mbele kinaziba njia kabla mwizi hajafika. Asiyeitikia hutozwa faini. Angalieni tofauti. Simu ikishalia imemaliza. Haimpigii kelele jirani asiye na simu, na haina wa kumtoza faini aliyegusa kioo na kurudi kulala. Jaribio linalopima kama simu zimelia limepima nusu ya njia, tena ile nusu nyepesi. Ningepima siku ya gulio, kisha nikaenda wiki hiyohiyo vitongojini nikauliza nani hakusikia. Orodha ya waliosikia haina kazi kubwa.

Nikamuuliza kijana: hizi 31 zikilia sasa hivi, utafanyaje?

"Nitaziba masikio kwanza," akacheka. Kisha akaanza kuzipanga upya juu ya ubao, upande huu wale anaoweza kuwaita kwa sauti kutoka mlangoni, upande ule wale wa kupelekewa baiskeli. Upande wa baiskeli ulijaa haraka. Simu moja, kitochi kilichofungwa kwa mpira, aliishika muda mrefu mkononi, akakosa pa kuiweka.

"Huyu yuko na ng'ombe ng'ambo ya Igombe. Harudi hadi Jumamosi."