Namba Mbili, Ugonjwa Mmoja: Kufundisha Utafiti Kamituga

Kati ya mwisho wa Septemba 2023 na Februari 2024, zoni ya afya ya Kamituga, mji wa dhahabu mashariki mwa Kongo, iliandikisha watu 241 walioshukiwa kuwa na mpox. Waliothibitishwa na maabara walikuwa 108. Namba zote mbili zimo katika makala moja, iliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Medicine na watafiti wa Kongo pamoja na wenzao wa nje, na zote mbili ni sahihi. Mwanafunzi wa sekondari anayeweza kueleza kwa nini hazilingani, nani alihesabu, kwa kipimo gani, na ni ipi itakayofaa katika kazi yake, huyo ameshakuwa mtafiti hata kama hajawahi kuona chumba kilichojaa rafu. Anayenakili “wagonjwa 241” kisha akafunga kaye bado hajaanza, hata akifanyia kazi hiyo katikati ya vitabu elfu kumi.

Somo la maktaba, pale linapofundishwa, kwa kawaida hushika njia nyingine. Mtoto huonyeshwa jalada, jina la mtunzi, mwaka, faharasa, halafu utaratibu wa Melvil Dewey, ambaye mwaka 1876 aliyagawa maarifa yote katika mafungu kumi ya namba. Sina ugomvi na Dewey. Lakini Kamituga iko kama kilomita 180 kutoka Bukavu, kwa barabara ambayo mvua ndiyo huamua lini inapitika, na rafu za kupanga kwa namba zake ni chache mno. Tukingoja rafu zije ndipo tufundishe utafiti, kizazi kimoja baada ya kingine kitafika chuo kikuu bila kuujua, na ndicho tunachokiona: malalamiko ya TFC, zile kazi za kumalizia masomo chuoni, zilizonakiliwa ukurasa kwa ukurasa ni ya zamani Bukavu, tena yanahusu wanafunzi waliopewa kadi ya maktaba siku ya kwanza. Ndiyo maana naona somo lianzie pale vyanzo viwili vinapotofautiana. Rafu itafuata, na ikifika itamkuta mtu anayejua anachotafuta.

Ushahidi wa jambo hili umetoka hata mahali ambapo vitabu si tatizo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu 45 kazi ya kupima tovuti: wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, wahakiki wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria ndio waliozoea maktaba kuliko wote, lakini wengi wao, pamoja na wanafunzi, walivutwa na nembo ya kupendeza na jina la tovuti lenye sura ya kiofisi. Wahakiki hawakukaa kwenye ukurasa. Waliuacha mapema, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni nani, nani anawalipa, wengine wanasemaje juu yao. Ustadi huo ni wa kulinganisha, na unaweza kufanyiwa mazoezi kwa karatasi mbili tu ubaoni.

Ushahidi wa pili umetoka kwetu. Jan Vansina, Mbelgiji aliyekusanya historia ya Wakuba katika miaka ya 1950, alifanya kazi chini ya IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947 na kuweka makao yake Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mapokeo ya mdomo kiliwafundisha wanahistoria wa dunia nzima kuyapima masimulizi kama hati inavyopimwa: msimulizi alisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, na kila mmoja alikuwa na faida gani kuyasimulia hivyo. Kanuni hizo zilitokana na kazi iliyofanywa vijijini, kwa watu ambao historia yao haikuwa imeandikwa. Mtu akisema kwamba pasipo na vitabu hapafundishiki utafiti, Lwiro ni jibu, na haiko mbali.

Darasani hili linageuka kazi rahisi kuanza. Kamituga ina mada iliyo tayari: kampuni za dhahabu. MGL iliundwa mwaka 1923. Mwaka 1976 ikaingia pamoja na nyingine katika SOMINKI. SOMINKI ikavunjwa mwaka 1997. Wanafunzi waulize watu watatu swali moja tu, “SOMINKI iliisha lini?”: mzee aliyewahi kuajiriwa na kampuni, mama twangaise anayetwanga mawe, na PDG, yaani mwenye shimo. Majibu yakitofautiana, mwalimu asikimbilie kutangaza nani amekosea. Mmoja anaweza kuhesabu tangu mshahara ulipokatika, mwingine tangu vita, mwingine tangu karatasi ilipotiwa sahihi. Kazi ya mwanafunzi ni kuandika kila mmoja amepimia nini “mwisho”, amejuaje, kisha achague, na aeleze uchaguzi wake kwa sentensi tatu za Kifaransa. Mahojiano yafanyike kwa Kiswahili au Kilega. Kulazimisha Kifaransa mbele ya mama twangaise ni kuua chanzo kabla hakijasema.

Kuna watakaokumbusha kwamba Balega walikuwa na maktaba yao, mutanga, ile kamba iliyotungikwa vitu vidogo, kila kimoja kikibeba methali yake. Ni mfano mzuri wa kuhifadhi na kutafuta, na darasa lingeweza kutunga kamba ya namna hiyo kwa somo la biolojia au jiografia. Lakini tusiupambe kupita kiasi. Kamba inakurudishia methali. Haikuambii nani aliisema kwanza, wala kama bado ni kweli. Kwa kazi hiyo ya pili tunahitaji tarehe, na hakuna kitabu kinachofundisha uzito wa tarehe Kamituga kuliko Code minier, sheria ya madini ya nchi. Toleo la 2002 na sheria iliyolirekebisha mwaka 2018 hazisemi sawa: ushuru wa madini ya thamani, dhahabu ikiwamo, ulipanda kutoka asilimia 2.5 hadi 3.5. Wape wanafunzi matoleo yote mawili, au kurasa chache zilizopigwa fotokopi, watumie yaliyomo kutafuta kifungu cha 109 kuhusu maeneo ya wachimbaji wadogo, kisha waulizwe: atakayenukuu toleo la 2002 leo atapoteza nini sokoni au mbele ya hakimu? Hapo ukurasa wa mwanzo wenye mwaka wa kuchapishwa unaacha kuwa pambo.

Hata orodha ya maktaba inaweza kutangulia maktaba yenyewe. Kila mwanafunzi aandike fishi moja kwa kila kitabu kilichopo kwao au kwa jirani: mtunzi, jina, mwaka, lugha, kinahusu nini, kiko kwa nani, na kama mwenyewe anakubali kisomewe palepale. Kamusi ya parokia, mwongozo wa muuguzi, kitabu cha kilimo kilichoachwa na mradi uliokwisha, vyote vinaingia. Fishi zikipangwa katika kasha la chaki, shule imepata katalogi bila kununua chochote, na Dewey sasa ana kazi ya kufanya. Kwenye kaye nako, ukingo wa kushoto uachwe kwa neno moja au mawili: somo hili limetoka wapi. Hilo linamgusa mwalimu pia, maana noti nyingi anazosomesha alizirithi kwa mwalimu wake. Swali “Samahani mwalimu, hii tumeitoa wapi?” lisihesabiwe utovu wa adabu.

Walimu watapinga, na wana haki. Mtihani wa serikali, EXETAT, katika siku zake za kikao cha kawaida ni maswali ya kuchagua jibu. Hakuna anayeuliza chanzo. Ni kweli, na sitaahidi kwamba fishi zitapandisha asilimia za shule mwaka huu. Ila kabla ya kikao hicho kuna disertasyo, na humo mtahiniwa asiye na mfano wenye jina na tarehe huzungukazunguka mpaka karatasi inaisha. Dakika kumi na tano kwa wiki, ndani ya saa za Kifaransa au historia zilizopo tayari, haziibi programu. Madarasa kujaa ni pingamizi zito zaidi, hasa baada ya shule ya msingi kufanywa bure kuanzia Septemba 2019 na wimbi lile kuanza kupanda sekondari. Kwa hiyo kazi iwe ya kundi la watano, karatasi moja, na mwalimu asahihishe safu ya vyanzo peke yake. Anayesema simu itatatua yote namkubalia nusu: Kiwix inaweza kuweka Wikipedia ya Kifaransa kwenye kadi ndogo ikasomwa bila mtandao, na hiyo ni neema. Lakini aliyezoea kunakili ubaoni atanakili na kwenye simu, tena kwa kasi zaidi.

Pingamizi ninaloliogopa ni jingine. Mji wa dhahabu si mahali pa mtoto kuzunguka na kalamu akiuliza shimo ni la nani, linatoa gramu ngapi, nani anakusanya kodi usiku. Hata ajali ni jambo zito: baada ya mashimo kuporomoka tarehe 11 Septemba 2020, habari za kwanza zilitaja watu wasiopungua 50 waliokufa, na familia zao bado zinaishi mitaa ileile. Habari kama hizo zilinganishwe darasani, kutoka magazetini na redioni, bila kumtuma mtoto mlangoni kwa mfiwa. Prefe asome orodha ya maswali kabla wanafunzi hawajatoka nje ya lango, na swali lolote linalogusa shimo linalochimbwa sasa lirudishwe, libadilishwe kuwa swali la enzi za SOMINKI.